Galoni Moja Hadi Ruiru

Jeconia Aketch alikuwa fundi wa magari, lakini ukimwita hivyo alikusahihisha. Magari, alisema, hutengenezwa na mtu yeyote mwenye spana na subira. Yeye alikuwa fundi wa kabureta. Kabureta ni kile chombo cha chuma, kikubwa kama ngumi mbili hivi, kinachokaa juu ya injini na kuchanganya petroli na hewa kabla hazijaungua. Petroli ikizidi, gari linatoa moshi mweusi na mwenyewe anafilisika polepole. Hewa ikizidi, gari linakohoa, linachemka, na mwenyewe anafilisika haraka. Kati ya kufilisika huku kuwili kuna nafasi nyembamba, na Jeconia aliishi kwenye nafasi hiyo.

Alizaliwa Gem. Vita vilipoanza alichukuliwa na jeshi la Mwingereza hadi Burma, ambako, kwa maelezo yake, hakumwona Mjapani hata mmoja kwa kuwa muda wote alikuwa ameinamia injini. Alirudi na kaptula za kaki za jeshi, bisibisi moja nzuri, na imani kwamba hakuna gari linaloweza kumficha neno. Alipata kazi Thika, kwenye gereji ya Mhindi mmoja karibu na stesheni ya reli. Kaptula zile alizipiga pasi kila asubuhi, mkunjo ukasimama kama ukingo wa meza, halafu akalala chini ya lori.

Alikuwa na njia yake ya kazi. Aliweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye kabureta, akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini huku akizungusha skrubu. Gari likiwa limesimama, alisema, injini iende kwa mwendo wa wimbo wa mazishi. Ikienda kwa mwendo wa wimbo wa Krismasi, inamwaga petroli. Wateja wengine walidhani ni mcha Mungu sana. Mhindi wake alijua kwamba anapima, na hakumkatiza hata kwenye ubeti wa mwisho.

Alilala katika chumba cha wanaume, yeye na wenzake wa viwandani, kila mtu na kitanda chake na msumari wake wa kutundika koti. Mkewe, Perez Aoko, alibaki Gem na shamba. Ndivyo Thika ilivyokuwa miaka ile: mfanyakazi alipewa kitanda, si nyumba, na wenye viwanda waliamini kwamba mtu huacha mke wake nyumbani kama mtu anavyoacha mwavuli siku ya jua.

Watu wawili tu aliowajua walikuwa wamekwepa mpango huo. Hao walikuwa Nzau, dereva wa misheni, na mkewe Mbithe, nao waliishi ndani ya gari.

Lilikuwa lori la kabla ya vita. Mzungu mmoja wa Ruiru, mwenye shamba la kahawa na kiu ya kuwinda, alilijengea nyumba mgongoni: kuta za mbao, madirisha mawili yenye mapazia, kitanda, kabati la vyombo. Alipochoka na wanyama, au wanyama walipochoka naye, aliwapa wamisheni. Misheni ililigeuza shule ya kutembea. Nzau aliliendesha katika mashamba ya katani na ya kahawa, kutoka Ngoliba hadi Mugutha, na Mbithe akawafundisha wanawake kushona na kuosha watoto wachanga. Jioni walifunga mlango kwa ndani. Mlango wa kufungwa kwa ndani, mume na mke wakiwa upande mmoja wa mlango huo, ulikuwa adimu Thika kuliko gari lenyewe. Kabla ya hapo Mbithe alikaa miaka Ngoliba kwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa mtu mwema sana, kwa maelezo ya Nzau.

Mzungu yule alipenda kukaa mbele kabisa, kwa hiyo injini aliiacha ndani, kati ya kiti cha dereva na cha abiria, akaifunika kwa sanduku la bati. Juu ya kifuniko alitoboa matundu, na bomba la kabureta lilikuja hadi chini ya matundu hayo kuvuta hewa. Injini ikikimbia, kifuniko kilipata moto wa kutosha kuunguza mkono. Mzungu hakukitumia kwa lolote. Mbithe alikitazama mara moja akaona jiko. Aliteleka sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, akaikalisha pale juu, akaifunika blanketi, na walipofika shambani chakula kilikuwa cha moto bila kuokota hata kijiti. Wanawake wa mashambani walilipenda somo hilo kuliko lile la kushona.

Kilichomleta Jeconia ni Philip Gathogo, katibu wa misheni, ambaye kazi zake zilikuwa pamoja na kugawa petroli. Gathogo alikuwa mtu wa haki hadi akachosha. Aliona gari linakunywa, akalipeleka gereji. Jeconia akafungua kifuniko, akaimba, akazungusha, akabadilisha jeti, yaani kile kitundu kidogo cha shaba kinachopitisha petroli. Alilizungusha mjini hadi viwandani na kurudi. Halikutoa moshi hata wa kuwashia sigara.

Mbithe alimshukuru kwa sahani ya muthokoi. Jeconia alikula, kisha akasema ni kizuri, ila kimepoa kidogo, na chakula baridi hata jeshini walikikataa. Mbithe akacheka, akamwambia aje Jumamosi, gari likirudi kutoka Ngoliba.

Jumamosi muthokoi ulikuwa wa moto unaofuka. Gari pia lilikuwa linafuka.

"Fundi," Nzau alisema, kwa sauti ya mtu anayeshtaki ndugu mlevi, "hii gari yako nakunywa."

"Gari yangu? Juzi si ilikuwa yako?"

"Juzi ilikuwa nakunywa kidogo."

Jeconia alisogea kwenye sanduku la injini.

"Ngoja, ngoja," Mbithe alisema. "Wacha nitoe chakula kwanza. Sitaki grisi yako kwa sufuria." Alinyanyua sufuria na mablanketi yake, akayaweka kitandani. Jeconia akangoja kwa adabu, akafungua kifuniko, akachomoa plagi. Ilikuwa nyeusi kama chungu cha kijijini.

"Ni mguu," alisema.

"Mguu gani?"

"Wako, omera. Mguu mzito. Nyinyi Wakamba mnakanyaga mafuta kama mnacheza ngoma."

"Na nyinyi Wajaluo mnaongea na gari kama mnahutubia mkutano. Limekusikia?"

"Litanisikia."

"Kama ni mguu," Mbithe alisema kutoka kitandani, "huu mwezi wote huo mguu uko na kidonda. Hata kanisani anakanyaga na kisigino."

Jeconia alikuwa ameshachomoa jeti. Aliweka jeti ndogo zaidi. Aliwasha injini, kifuniko kikiwa wazi, nayo ikaenda kwa mwendo wa mazishi kabisa, mazishi ya mtu mzito.

Kuanzia hapo gari likawa na tabia mbili. Nzau akilipeleka mjini peke yake kuchota maji, lilikohoa na kupiga mshindo kama bunduki, jambo ambalo katika miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, liliwalaza watu chini barabarani. Akisafiri na Mbithe kwenda mashambani, lilitoa moshi mweusi na kunywa kuliko zamani. Jeconia akasema ni urefu wa nchi. Waingereza walitengeneza kabureta hii kwa ajili ya nchi iliyo chini, karibu na bahari. Hilo lilikuwa kweli, lakini Thika haikuwa imepanda tangu Jumamosi iliyopita. Akasema mwenye kituo anachanganya petroli na mafuta ya taa. Akarudi kwenye mguu. Na kila Jumamosi alikula muthokoi wa moto, akausifu, na Mbithe, ambaye hakuzoea kusifiwa na mtu wa kabila linalojua chakula kuwa ni samaki, akaongeza uangalifu wa kuufunika.

Mwishowe, Jumamosi moja wote wakiwa hapo, Gathogo alikuja gereji amevaa koti.

"Kamati imechoka," alisema. "Iko mnunuzi wa mahindi anataka hilo gari. Anataka lori tu. Hiyo nyumba atabandua afugie kuku."

Nzau alitazama mapazia. Mbithe alianza kukunja nguo ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

"Lakini mimi si mtu wa kuonea," Gathogo aliendelea. "Tutapima. Galoni moja. Itoke hapa Thika, ifike Ruiru. Ikifika, gari inabaki na nyinyi ndani yake. Isipofika, Nzau atapewa kitanda kwa wanaume, na Mama atarudi Ngoliba."

"Kwa mama yangu," Nzau alisema.

"Kwani mama yako ana shida gani?"

"Hana shida," Nzau alisema. "Shida ni kwamba hana."

Siku ya kupimwa Jeconia alifika alfajiri. Alikuwa amerudisha jeti ya katikati, ile aliyoanza nayo, kwa sababu alikuwa amemaliza zote nyingine. Alifunga debe la galoni ubavuni mwa mlango, akaunganisha mpira kutoka kwenye debe hadi kwenye kabureta, na Gathogo mwenyewe akamimina petroli na kugandisha karatasi juu ya mdomo wa debe ili mtu asiongeze. Injini ikawashwa kifuniko kikiwa wazi. Jeconia aliimba beti mbili. Hata Gathogo alikubali kwamba ilikuwa inaenda vizuri.

Kisha Mbithe akapanda na sufuria. Alikuwa amepika kwa ajili ya wageni, akijua kwamba huenda ni mara ya mwisho kupika ndani ya nyumba hiyo. Kifuniko kikafungwa, sufuria ikakaa mahali pake, mablanketi juu. Wakaondoka, Gathogo akiwa nyuma na Mbithe.

Kabla hawajapita mashamba ya katani moshi ulikuwa unawafuata. Nzau alikanyaga mafuta kwa ncha ya kidole. Jeconia alikaa kiti cha abiria na bisibisi mkononi, kama mtu aliyekuja na mwavuli kwenye mafuriko. Kila alipogonga debe, petroli ilikuwa imeshuka bila haya.

"Punguza," alisema.

"Nikipunguza tena nitashuka nitembee mbele yake."

Karibu na Juja kulikuwa na kizuizi cha barabarani. Askari alinyoosha mkono.

"Zima gari."

"Afande, tafadhali," Jeconia alisema. "Tukizima, kuwasha tena kunakula petroli. Na petroli iko kwenye mtihani."

"Mtihani wa nani?"

"Wa gari."

Askari alitazama debe lililoning'inia ubavuni na mpira wake. Mwaka huo alikuwa ameshasikia uongo wa kila aina, lakini huu ulikuwa mpya, na labda kwa sababu hiyo akauacha. "Basi liache lilie. Nyinyi wote chini. Kipande." Gathogo alikuwa wa kwanza kutoa karatasi zake, kwani Mkikuyu wa miaka ile aliziweka karibu kuliko leso. Askari akachungulia ndani. "Na hicho kilicholala hapo kwa injini?"

"Chakula," Mbithe alisema.

"Chakula kinavaa blanketi mbili?"

"Kinasikia baridi, afande."

"Toa nione."

Mbithe alinyanyua sufuria, mablanketi na yote.

Injini, ambayo tangu Thika ilikuwa inanguruma kama mtu mwenye mafua, ikavuta pumzi. Haikubadilika sana, mtu mwingine asingesikia. Jeconia alikuwa akishuka, mguu mmoja tayari barabarani, na mguu huo ukabaki hapo hapo.

"Rudisha," alisema.

"Rudisha nini?"

"Sufuria. Rudisha palepale, mama."

"Nimesema itoke," askari alisema.

"Afande, irudi kidogo tu."

Mbithe akaikalisha. Mafua yakarudi, na nyuma kwenye bomba moshi ukawa mweusi. Akainyanyua. Mafua yakapona. Jeconia alimwomba tena, na tena, na Mbithe akawa ananyanyua na kushusha kama mtu anayetwanga, mpaka askari akamgeukia Gathogo.

"Huyu mtu wenu ni mzima?"

"Ni fundi."

"Ahaa," askari alisema, na kuwaruhusu.

Ndani ya gari Jeconia alikaa akitazama matundu ya kifuniko. Kila alipofungua injini hii, adabu ilikuwa imetangulia: chakula kinatolewa kwanza, gari likiwa limezimwa. Hakuwahi hata siku moja kulisikia likiwa limefunikwa. Alikuwa ametengeneza gari moja, na Nzau alikuwa anaendesha jingine.

"Yawa," alisema. "Mmeliziba pua."

"Nani ameziba?" Mbithe aliuliza. Sufuria ilikuwa sakafuni nyuma, ameibana kwa miguu. "Mwanzo lilikuwa blanketi moja, na nilikuwa nafunika kwenda tu. Blanketi la pili ni lako, fundi. Na kufunika wakati wa kurudi pia ni kwa ajili yako. Ulisema hata jeshini walikataa chakula baridi. Ulisema, hukusema?"

Nzau alitazama barabara kwa bidii. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Sasa gari lilikwenda kwa wepesi ambao halikuwa nao tangu siku za Mzungu. Lakini petroli iliyokwisha ilikuwa imekwisha. Mapaa ya Ruiru yalipoanza kuonekana nyuma ya mibuni, injini ilikohoa, ikaomba radhi, ikanyamaza. Gari likabingirika kidogo, likasimama.

Gathogo alishuka. Akagonga debe kwa kidole. Akatazama Ruiru, akatazama gari. "Haikufika," alisema, bila furaha, kama mtu anayesoma tarehe.

Mbithe alishuka pia, akaweka sufuria kwenye nyasi. Hakulia. Alimuuliza mumewe kama mnunuzi wa mahindi atachukua na mapazia.

Jeconia alikuwa bado na sababu za kutosha. Angeweza kurudi kwenye petroli ya mafuta ya taa. Gathogo alikuwa ameinunua mwenyewe na asingekuwa na la kusema. Angeweza kutaja urefu wa nchi. Mkunjo wa kaptula yake ulikuwa bado umesimama. Alisafisha bisibisi kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Katibu," alisema, "gari hii haina ugonjwa. Sikuijua, na nilisema naijua. Sufuria inaziba hewa, basi inakunywa petroli tupu. Si mguu wa Nzau. Si mwenye kituo. Na blanketi..." Akakunja kitambaa. "Blanketi ni kwa sababu napenda chakula moto."

Gathogo alimtazama. "Ati petroli ya misheni imekuwa ikiwasha jiko lako?"

"Ni hivyo."

"Na ukiondoa sufuria?"

"Galoni moja inatosha. Umeona tangu kizuizi."

Gathogo alifikiri. Nyuma kulikuwa na debe la pili, la kurudia Thika. Alilitoa, akamimina, akagandisha karatasi yake. Kisha akavua koti.

"Sukumeni."

"Tusukume wapi, Katibu? Si tuwashe?"

"Galoni inaanzia Ruiru. Hapa si Ruiru."

Wakasukuma, yeye pia, mpaka stesheni. Watu wa sokoni waliwashauri mambo mengi. Walipofika, Nzau alifunua sufuria akitafuta sahani, na Gathogo akainua mkono.

"Chakula hakiliwi. Kilikuja na uzito wake, kirudi na uzito wake. Tukila, gari itakuwa nyepesi, na hiyo si haki."

Kwa hiyo walirudi Thika na njaa, sufuria ikiwa nyuma sakafuni, mablanketi yamekunjwa juu ya kitanda. Moshi haukuonekana. Kwenye kizuizi askari aliwatambua, akauliza blanketi ziko wapi, akaambiwa zimepumzika, akatikisa kichwa. Jeconia hakuimba njia nzima. Aligonga debe mara kwa mara. Petroli ilishuka, lakini kwa aibu, na walipoingia gereji bado ilichezacheza ndani ya debe, Gathogo alipolitikisa sikioni mwake.

Alilitikisa mara ya pili kwa ajili ya haki.

"Gari inabaki," alisema. "Sufuria isikae juu ya injini. Sasa tuleni."

Muthokoi ulikuwa umeganda. Gathogo alikula wote aliopewa na kuomba kijiko kingine. Nzau alikula huku anacheka. Mbithe alisahau kula. Alikuwa anafunga vizuri kishikizo cha pazia kilichokuwa kimelegea muda mrefu.

Hadithi hiyo ilienea gereji zote za Thika, kwamba Jeconia Aketch alisikia ugonjwa wa gari kwa sikio tupu, barabarani, mbele ya bunduki ya askari. Yeye mwenyewe aliisimulia hivyo. Hakusema uongo; alikitoa tu chakula kwanza ndani ya hadithi, kama kawaida.

Jumamosi iliyofuata gari lilirudi kutoka Ngoliba bila moshi. Mbithe alimletea sahani yake, akasimama akimtazama anavyoweka kijiko cha kwanza mdomoni.

"Kimepoa, fundi?"

Jeconia alitafuna. Mahindi yalikuwa baridi kama changarawe ya mtoni.

"Hapana, mama," alisema. "Kiko sawasawa."